Waliosema "nipo" 43, waliolipa 9, na Koasta ya Songea inadai advansi

Shikamoo Shangazi,

Mi msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma matatizo ya wenzangu nacheka, leo zamu yangu. Nina miaka 36, fundi friji, naishi Dar, mke mmoja watoto watatu. Nashabikia timu ya mtaani kwetu iliyoko Championship, jina naomba nisilitaje, tawi letu halifiki watu 60 na hata bila jina wakisoma hapa watajua ni mimi, ila bora wajue kwa kuhisi.

Iko hivi. Wiki tatu zijazo tuna mechi ugenini Songea, Uwanja wa Majimaji, Jumamosi saa kumi jioni. Siyo mechi ya kukosa. Tuko nafasi ya tano, wa nne ametuzidi pointi mbili, na wa tatu na wa nne ndo wanaoenda kwenye mtoano wa kutafuta kupanda Ligi Kuu, yani tukishinda kule tunaanza kuongea lugha nyingine. Basi mwenyekiti wa tawi akatupia kwenye grupu "WANANGU SONGEA TUNAENDA AU HATUENDI??" watu wakalipuka, nipo, nipo, nipo mpaka kifo, mwingine kaweka jeneza na mpira. Nikahesabu, 43. Na mimi kwa kuwa ndo mhazini nikaambiwa panga safari.

Nikapata Koasta ya watu 28, mwenye gari anataka 2,800,000 kwenda na kurudi mafuta juu yake, yani laki moja kila kichwa. Mpango tuondoke Ijumaa saa mbili usiku, tuingie Songea Jumamosi mchana, tucheki mpira, tukitoka tu uwanjani tunageuza, Jumapili tuko nyumbani, gesti hatulipi. Kwenye grupu ukatokea ugomvi mkubwa kwamba watu ni 43 siti 28 sasa nani aachwe, watu wakatukanana kabisa, wengine wakaanza kukumbushana nani hakuja mechi ya mvua. Shangazi nimekaa na daftari langu, la mistari, nimechora, jina, simu, kiasi, sahihi. Mpaka leo waliolipa yote ni 9. Waliolipa nusu 7. Jumla 1,250,000 (iko kwenye simu yangu kasoro elfu 80 nilinunulia gesi ya friji ya mteja, akilipa narudisha). Mwenye gari anataka advansi milioni moja kabla ya Jumatatu na kasema kabisa hairudi.

Sasa wale wengine kila siku wana lugha mpya. Mmoja anasema mshahara tarehe 25. Mwingine "andika jina langu ntalipa njiani". Mwingine anauliza kama kuna discount ya watu wawili, anakuja na mke. Nani anakuja na mke Songea kwa Koasta.

Lakini kinachonitoa usingizi siyo hao. Ni mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ndo aliyesimamia harusi yetu na kiukweli kipindi naanza ufundi alinipa chumba bure miezi minne. Msimu uliopita tulienda Iringa, uwanja wa Samora, mpango ukawa hivihivi, majina mengi hela kidogo, yeye akasema "lipa wewe shemeji tutakusanya ndani ya gari". Kwenye gari kilikusanywa elfu 35 na chupa mbili za maji. Nikazibia 420,000 ambayo ilikuwa ada ya mtoto wetu mkubwa, anasoma shule ya binafsi. Mtoto akarudishwa nyumbani. Mke wangu aliponiuliza nikamwambia nilitapeliwa vipuri Kariakoo. Nilishindwa kusema kaka yake ndo aliniambia nilipe afu hajarudisha hata mia, nikaona nitavunja undugu. Toka siku hiyo mke wangu ananiona bwege wa vipuri, na kila nikienda Kariakoo ananipa mtu wa kunisindikiza.

Juzi shemeji kanitumia bajeti ya Songea aliyoandika mwenyewe. Koasta 2,800,000, maji na soda 120,000, vuvuzela na ngoma 80,000, "mambo ya ufundi" 150,000, dharura 100,000. Yeye jina lake liko namba moja na hajalipa. Nikimuuliza anasema mwenyekiti halipi, mwenyekiti anaongoza.

Nataka kwenda Songea Shangazi, nataka sana. Timu hii naishabikia toka nabebwa mabegani na babu kuangalia mechi za daraja la chini uwanja hauna hata ukuta. Lakini nikiacha kupanga mimi hamna atakayepanga, nikipanga naona ada ya muhula huu nayo inaelekea Songea. Nimlipe mwenye gari Jumatatu au nisimlipe? Na huyu shemeji nimfanyeje bila kuharibu?

Fundi, Dar

*

Marahaba baba, pole, na ahsante kwa kunichekesha na hiyo ya mke kwenye Koasta.

Usimlipe mwenye gari. Hilo nimelitanguliza maana Jumatatu iko karibu na nakujua utaacha kusoma katikati.

Sasa kabla sijaenda kwa shemeji yako naanza na wewe. Umeandika kwenye mabano, kwa herufi za kunong'ona, kwamba kwenye hela za watu umechomoa elfu 80 ukanunua gesi ya friji. Mwanangu. Shemeji yako naye msimu uliopita hakuamka akasema leo naila ada ya mtoto wa dada yangu, alisema tutakusanya ndani ya gari. Wewe unasema mteja akilipa. Na mteja asipolipa? Na simu ikiibiwa kwenye mwendokasi? Leo hii, siyo kesho, kazibe hiyo elfu 80 kwa hela yako, hata kama jioni mtakula ugali na mlenda. Hela ya safari siyo yako, siyo ya tawi, ni ya wale 16 mmojammoja, na usipoirudisha mahali pake huna mdomo wa kumsemesha mtu yeyote kuhusu Iringa.

Haya, twende kwenye safari yenyewe, mi mambo haya nayajua. Marehemu mume wangu alikuwa mgonjwa wa timu ya daraja la pili, ugonjwa kabisa, na mimi nikaolewa nao. Mwaka 1998, ule wa mvua za El Nino, tulipanda lori kwenda Lindi kucheki mechi pale Ilulu. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, limekuja kufunguliwa 2003, hiyo Rufiji ilikuwa inavukwa kwa kivuko pale Ndundu. Tulikaa Ndundu usiku mzima, foleni ya malori, mbu, mama mmoja anauza samaki wa kukaanga kwa mwanga wa koroboi, mimi nina mimba ya miezi mitano nimekalia gunia la nguo za mitumba la mtu hata simjui. Kutoka pale tope. Siku ya tatu tunaingia Lindi tunaimba, tumejipaka na rangi, tukamuuliza kijana mmoja mwenye baiskeli uwanja uko njia gani, akatuangalia vile, akasema mechi si ilichezwa jana. Ratiba ilisogezwa siku moja nyuma na sisi tuko Ndundu tunakula samaki. Mume wangu alikaa chini pale pale barabarani. Tulifungwa pia, ila hilo halikumuuma sana.

Nakusimulia hivi kwa sababu kwenye barua yako nzima sijaona umeandika mechi ikisogezwa itakuwaje. Ligi za chini ratiba inasogea, siyo kila mechi lakini inasogea, uwanja una shughuli nyingine, televisheni imeitaka, timu imechelewa kusafiri, sababu hazikosekani, na zimebaki wiki tatu. Bodi ya Ligi ikisogeza Jumamosi kwenda Jumapili au Jumatano ya katikati ya wiki, advansi yako ya milioni moja isiyorudi inabaki kwa mwenye gari na wewe unabaki na watu 16 wanaoulizana uko wapi. Simlaumu mwenye gari, ndo biashara yake. Ila hela isiyorudi kwa mechi inayoweza kuhama haiwekwi.

Afu hiyo hesabu yako ya laki moja. Laki moja ni ya siti 28 zikijaa. Wakienda hawa 16 tu uliowaandika, inakuwa 175,000 kila mmoja. Wakienda wale 9 waliolipa yote, ni zaidi ya laki tatu. Tofauti yote hiyo inamwangukia nani? Mwenye daftari. Kukodi gari maana yake kila siti tupu ina jina lako wewe.

Sasa linganisha na basi la kawaida la kila siku. Dar mpaka Songea ni kama kilomita 950. Nauli elekezi zilizotangazwa na LATRA, wale wanaosimamia mabasi, mwisho wa 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, piga mwenyewe, inakuja kama elfu 46 kwenda kwa la kawaida na elfu 64 na kidogo kwa lile lenye siti nzuri. Kwenda na kurudi basi la kawaida ni elfu 92. Uliza bei ya leo stendi, inaweza kuwa imepanda, lakini unaona? Koasta IKIJAA mpaka siti ya mwisho bado hujaokoa kitu, ulichookoa ni gesti tu, na gesti mnaweza kulala wawili wawili. Kwa hiyo huo ugomvi wote wa grupu, matusi yote, mnagombea gari ambalo halina unafuu.

Na sijagusa bado magoti. Umeshakaa Koasta saa kumi na sita? Ile siti ya kukunja ya katikati, isiyo na mgongo wa maana, jirani yako ana ngoma mapajani na nyuma kuna mtu kaanza vuvuzela toka Mbezi. Ukifika Songea shingo haigeuki kuangalia kona.

Ila kuna jambo kubwa zaidi na hapa sicheki. Mpango wenu unasema mkitoka uwanjani mnageuza. Dereva ni mmoja au wawili? Hukusema, na nahisi ni mmoja. Safari ikizidi saa nane basi linatakiwa liwe na madereva wawili, hiyo siyo hisani ni utaratibu, na gari la kukodi linalotoka nje ya njia yake linatakiwa kibali cha LATRA, muulize mwenye gari akuonyeshe uone atakavyokohoa. Afu fikiria huyo dereva mmoja. Kaendesha Ijumaa usiku kucha. Jumamosi mchana mmefika, mnadhani atalala? Wapi atalala, ndani ya Koasta kwenye jua? Anaingia na nyinyi uwanjani kucheki mpira, huwa wanaingia wote, na mkishinda anashangilia na nyinyi, na saa kumi na mbili na nusu giza linaingia anakamata usukani kuwarudisha watu 28 Dar. Kutoka Songea kwenda Njombe kuna Lukumburu, wanaoijua wanaijua, milima, kona juu ya kona, ukungu. Mbele huko kuna Kitonga ya kushuka, malori yamepangana. Afu Mikumi, kilomita 50 katikati ya hifadhi, twiga hana taa. Toka mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 watu wamesahau kwa nini yalizuiliwa miaka yote ile. Mi sikatazi usiku, basi la kampuni lenye madereva wawili wanaopokezana ni jambo moja, dereva mmoja aliyetoka kushangilia goli la dakika ya 88 ni jambo jingine.

Basi mi ningefanya hivi. Hakuna Koasta. Kila mtu anakata tiketi yake mwenyewe, kwa jina lake, kwa simu yake. Wewe kazi yako ni kutaja tu basi gani na saa ngapi, Ijumaa alfajiri kutoka Mbezi, stendi ya Magufuli, mnaingia Songea usiku, mnalala, Jumamosi mna siku nzima mji wa watu, wale wa kutembea waende Makumbusho ya Majimaji pale mtaa wa Mahenge wakasome wazee wetu walifanya nini, saa tisa mko uwanjani, usiku mnalala tena, Jumapili alfajiri mnarudi. Umekosa kazi Ijumaa moja tu. Tiketi msikate leo, subirini mpaka wiki ya mechi, ratiba ikishatulia, siku nne tano kabla, na muulizie mtu wa Songea kabisa siyo grupu.

Najua utasema sasa raha iko wapi, si tutatawanyika, ule mzuka wa gari letu wenyewe, kuimba. Ni kweli na nakuonea huruma, gari la mashabiki lina utamu wake, mi mwenyewe wimbo wa lori lile la Lindi mpaka leo naujua. Lakini mkikata tiketi pamoja mkakaa siti za nyuma watu kumi basi zima litawajua mkifika Chalinze. Ngoma mkaazime Songea, wangoni hawakosi ngoma. Na dereva wa basi hangoji timu yenu kuchimba dawa kila baada ya dakika arobaini.

Kuna mtu kwenye grupu lazima atasema treni. TAZARA inapita Makambako kweli, na kutoka pale Songea ni kama kilomita 295 za lami, ila haiondoki kila siku, mwambie aangalie siku zake zikilingana na mechi apande, atukute huko. Usimpangie.

Utashangaa idadi. Ukisema kila mtu akate yake, 43 watabaki kumi, labda kumi na mbili. Hao ndo walikuwa wanaenda toka mwanzo baba. Wale 31 walikuwa wanapenda kusema nipo, na wala si watu wabaya, ni raha ya kwao, waache waseme, haina gharama sasa.

Kwa hiyo kesho asubuhi unarudisha hela yote, shilingi kwa shilingi, na ya kutolea umkate nani? Usimkate mtu, hiyo ya kutuma lipa wewe, ndo faini yako ya ile elfu 80. Kila ukituma piga skrinishoti, andika kwenye lile daftari "nimerudisha", tarehe. Afu weka ujumbe kwenye grupu, mfupi, usiombe radhi wala usimtaje mtu. Kitu kama: "Wadau, Koasta imeshindikana, hela hazikutimia kwa wakati. Wote 16 nimewarudishia, angalieni simu. Mimi naenda na basi Ijumaa alfajiri, anayekwenda akate tiketi tukae pamoja. Jina la basi nitaweka Jumatatu ya wiki ya mechi." Basi. Wakianza "mhazini umetuangusha" usijibu, zima data, katengeneze friji.

Na yale ya bajeti. Soda na maji kila mtu na mfuko wake. "Mambo ya ufundi" 150,000, mwanangu hilo ndo lilinifanya niite jirani nimsomee. Ufundi gani wa tawi? Nyie ni watazamaji. Kama kuna kamati inafanya ufundi wake usiku kwenye nguzo za magoli hiyo ni ya timu na wana hela zao, na kwa uzoefu wangu wa miaka ishirini ya kuwatizama, aliyefanyiwa ufundi na asiyefanyiwa wote wanakosa penalti. Hiyo 150,000 ilikuwa na mfuko wake tayari na siyo wa mganga.

Sasa shemeji.

Umekosea sehemu moja na siyo kule kulipa. Umemdanganya mkeo ili kulinda undugu wa mkeo na kaka yake. Umeona ulivyokaa huo msemo? Undugu wao wewe huwezi kuulinda, siyo wako. Yeye anamjua kaka yake toka wananyang'anyana kitanda, huenda anamjua kuliko wewe na atasema "huyo si ndo zake". Na wakati huo anakuona bwege wa vipuri, fundi unayetapeliwa vipuri, yani amekushusha mpaka kwenye kazi yako, kwa kosa ambalo hukulifanya. Mwambie. Siyo mezani watoto wapo, siyo usiku wa manane. Mwambie mkiwa wawili, na daftari la Iringa mkononi kama bado unalo: hela ya ada ilienda hivi, kaka yako aliniambia nilipe tutakusanya, sikusanyiwa, nikaona aibu kukwambia nikatunga Kariakoo. Utaje na uongo wako wewe mwenyewe kwa mdomo wako, usimwachie augundue. Atakasirika. Kiasi kikubwa atakukasirikia wewe, kwa ule uongo, na ana haki, vumilia. Afu muulize, tumwendeeje kaka? Umuulize kweli, siyo kwa adabu tu. Yeye ndo anajua mlango wa kuingilia.

Ila usimtume yeye kudai. Deni ni lako na la shemeji, uende mwenyewe, kwake, siyo kijiweni wala kwenye grupu, na uende kabla ya Songea siyo baada, baada ya mechi kila mtu ama ana furaha sana ama ana hasira sana. Anza na chumba. Mkumbushe ile miezi minne aliyokupa bure, mshukuru kwa kutaja kabisa, maana nahisi hilo ndo linakufunga mdomo, unaona kama ukidai umesahau fadhila, na yeye naye huenda moyoni anahesabu hivyohivyo, kwamba hii 420,000 ni kodi ya chumba kile. Litaje litoke hewani. Afu mwambie: shemeji, ya chumba sitayasahau, lakini ile ilikuwa ada ya mpwa wako, alirudishwa getini na begi lake. Mjomba kusikia mpwa wake alirudishwa getini kwa ajili yake, kama ni mtu, ataanza kutazama chini. Usimdai zote, mwambie elfu 70 kwa mwezi, miezi sita. Akilipa miwili akakwama utakuwa umepata 140,000 ambayo leo huna.

Akisema mwenyekiti halipi anaongoza, mjibu tu sawa mwenyekiti, tiketi iko dirishani, utuongoze kutoka siti yako. Utaona mwenyewe kama atasafiri.

Na uhazini kaa nao mpaka mwisho wa msimu kama unaupenda, lakini hela isikae kwenye simu ya mtu mmoja tena, wawe wawili, na mmoja wao asiwe shemeji wala mtu wa nyumba yenu.

Mengine madogo. Beba sweta, la maana, siyo fulana ya mikono mirefu. Watu wa Dar mnapanda na jezi na sendozi mnafika Makambako na Njombe jioni meno yanapiga ngoma zenu zile. Beba hela ndogondogo za mlangoni, kiingilio cha ligi za chini ni kidogo na chenji hamna. Mkifika uwanjani msikae mbele ya ngoma za wenyeji, siyo kwa kuogopa, watu wa Songea wakarimu, ila mkifunga goli ukaruka mbele ya mzee wa miaka 70 aliyeanza na Wanalizombe, yani Majimaji ya Songea, utajisikia vibaya mwenyewe.

Vitunguu vya mkeo nunua Ruaha Mbuyuni wakati wa kurudi, siyo wa kwenda. Mi niliwahi kununua wakati wa kwenda, debe zima, vikaangalia mechi na sisi.

Shangazi